Dalali wa shehena hapa Mombasa: jina langu liandikwe wapi?

Karani_Mikindani

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni karani katika kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa entri za forodha, yaani matamko ya mizigo inayoingia, kufuatilia idhini za kutolea mzigo katika kaunta za kampuni za meli, na kukimbizana na madereva wa matrela ili makontena matupu yarudishwe kabla dimareji, yaani tozo ya kampuni ya meli kwa kontena lililocheleweshwa, haijaanza kuhesabiwa.

Wiki mbili zilizopita mfanyabiashara mmoja wa Kongowea, ambaye ni rafiki wa mjomba wangu, aliniomba nimtafutie nafasi ya meli kwa makontena mawili ya futi 20 ya vigae vya sakafu kutoka Foshan, China. Nimewasiliana na mkusanyaji shehena wa Guangzhou, naye amenipa nauli ya dola 1,900 kwa kila kontena. Nikimtajia mteja dola 2,150, nitabakiwa na dola 500 kwa makontena yote mawili, na fedha hizo zinazidi mshahara wangu wa mwezi. Nimetazama pia video kadhaa za madalali wa shehena wa Marekani, ambao wanasema kwamba mtu anahitaji simu, kompyuta na orodha ya watu anaofahamiana nao tu, bila gari wala ghala wala meli.

Naomba kujua mambo matatu. Je, ni halali kuificha faida yangu ndani ya nauli, au nimtajie mteja ada yangu waziwazi? Je, nahitaji leseni? Na tatu, ingawa hili huenda likawa dogo, mtu wa Guangzhou ameniuliza aandike jina la nani kama mpokeaji katika hati ya shehena, nami nimekusudia kumpa langu ili iwe rahisi kufuatilia.

Mzee_wa_Shimanzi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Hilo uliloliita dogo ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu nimekuwa katika kazi hii tangu siku ambazo manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, ilikuwa ikiletwa kwa karatasi, na sijawahi kumwona kijana akiangushwa na nauli. Wote niliowaona wakianguka waliangushwa na jina.

Hati ya shehena ni vitu vitatu katika karatasi moja: ni risiti ya kampuni ya meli kwamba imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ikiwa imeandikwa kwa namna ya kuhamishika, ni hati ya umiliki wa mzigo wenyewe. Jina lako likikaa mahali pa mpokeaji, kampuni ya meli haikuoni kama kijana aliyemsaidia rafiki wa mjomba wake. Inamwona mpokeaji, na kwa masharti yaliyochapishwa nyuma ya hati kwa herufi ambazo mimi sasa sizisomi bila miwani, mpokeaji anaweza kudaiwa nauli isiyolipwa, dimareji, gharama za kontena lililoharibika, hata gharama za mzigo uliotelekezwa. Yule wa Kongowea akikosa fedha za ushuru na kuzima simu, makontena mawili ya vigae yatakuwa yako, ukitaka usitake. Mtu wa Guangzhou hana haja ya kujali, kwani yeye amekwisha kulipwa.

Sasa nirudi kwenye faida yako. Dalali anaweza kusimama mahali pawili, na ni lazima ajue amesimama wapi kabla ya kutaja bei. Akisimama kama wakala, humwambia mteja nauli halisi ni kiasi gani na ada yake ni kiasi gani, na mkataba wa usafirishaji unakuwa kati ya mteja na msafirishaji. Akinunua nafasi kwa bei yake na kuiuza kwa bei nyingine kwa jina lake mwenyewe, amejifanya msafirishaji, hata kama hana hata mkokoteni, na mzigo ukipotea au ukichelewa mteja atakuja kwake kwanza. Hakuna ubaya kusimama mahali pa pili. Kampuni kubwa za usafirishaji duniani husimama hapo kila siku. Lakini zina bima ya dhima na masharti ya biashara yaliyoandikwa na mawakili, nawe una simu. Ankara utakayomwandikia mteja ndiyo itakayoeleza siku ya ugomvi ulikuwa nani. Ukiandika "nauli, dola 4,300" chini ya jina lako, umekwisha kujibu.

Liko jambo jingine ambalo wewe kama karani wa entri unapaswa kuliona haraka kuliko mimi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki thamani ya forodha ya mzigo wa baharini hujumuisha bei ya bidhaa, bima na nauli. Basi dola 500 ulizozificha ndani ya nauli zinatozwa ushuru. Tuseme, kwa mfano tu, kiwango ni asilimia 25: hapo zinazaa dola 125 za ushuru, halafu VAT ya asilimia 16 juu ya dola 625, ambayo ni dola 100 kamili. Mteja wako atalipa dola 725 ili wewe upate 500, na hapo sijagusa tozo nyingine. Na usije ukashawishika kutengeneza ankara mbili za nauli, moja ya mteja na moja ya forodha, kwa maana hapo umeingia katika udanganyifu ambao sheria ina jina na adhabu yake.

Kuhusu leseni, kutoa mzigo forodhani kunahitaji leseni ya wakala wa forodha, ambayo hutolewa na Mamlaka ya Mapato na kuhuishwa kila mwaka. Utauliza kwa nini nakutajia hilo ilhali unatafuta nafasi ya meli tu. Nakutajia kwa sababu najua utakachofanya mzigo ukifika: utaingiza entri kwa akaunti ya mwajiri wako, wakati wa chakula cha mchana, yeye akiwa msikitini. Kifungu cha 147 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ile ya 2004, kinamhesabu wakala aliyetenda kwa niaba ya mwenye mzigo kuwa ndiye mwenye mzigo, na kinamfanya awajibike binafsi kwa ushuru. Utakuwa umemtia mwajiri wako deni asilolijua. Mwambie kabla hujaanza. Na ukifikia siku ya kukusanya mizigo ya watu wengi na kuipakia kwa jina lako, nenda kwanza katika Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya uulize masharti yao, kabla ya kuchapisha kadi zenye picha ya meli.

Bi_Vitambaa

Mwanangu, mimi si mtaalamu, mimi ni mwenye mzigo, nami nitakueleza jinsi jambo analolisema Mzee linavyoonekana ukiwa upande wa pili wa kaunta.

Niliagiza kontena moja la vitambaa kupitia dalali ambaye sitamtaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mazuri, na nauli yake ilikuwa chini kuliko zote nilizopewa. Nilimlipa yote mapema. Alinitumia hati tatu za asili za shehena zenye jina langu, muhuri na saini, nami nikaziweka ndani ya Kurani yangu ya zamani ili zisikunjike. Meli ilipofika nilikwenda mwenyewe katika ofisi ya kampuni ya meli, maana nilitaka kujifunza. Karani wa kaunta, kijana wa umri wako, alizichukua, akazitazama juu, akazigeuza nyuma, halafu akazisukuma polepole kunirudishia kwa kidole kimoja. Akaniambia, "Mama, hizi si zetu."

Nilidhani ananitania. Kumbe karatasi nilizokuwa nazo zilikuwa hati za hausi, yaani zilizotolewa na dalali mwenyewe. Hati ya masta, iliyotolewa na kampuni ya meli, ilikuwa na jina la mshirika wa dalali hapa Mombasa kama mpokeaji, na jina langu halikuwamo popote. Kampuni ya meli ilikuwa bado haijalipwa nauli, kwa sababu fedha nilizompa dalali zilikwenda kuziba shimo la mzigo wa mtu mwingine. Kisheria hawakuwa na la kunifanyia. Vitambaa vyangu vilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na kwao nilikuwa mpita njia tu.

Kontena lilikaa siku 23. Gharama za kuhifadhi bandarini zilipanda kwa hatua, kwa sababu kadiri siku zinavyozidi ndivyo kiwango cha kila siku kinavyoongezeka, na dimareji ya kampuni ya meli ikawa inakimbia kando yake kwa dola. Mwishowe niliilipa nauli mara ya pili, mshirika akatoa barua, nami nikapata mzigo wangu baada ya Idi, wakati wanunuzi walikuwa wamekwisha kushona nguo za vitambaa vya watu wengine.

Tangu hapo, kabla ya kutoa hata senti, mimi huuliza swali moja: katika hati ya masta, mpokeaji ni nani? Wapo madalali waaminifu ambao hunijibu papo hapo na kunieleza kwa nini wanatumia hausi. Wapo pia wanaoniuliza nimejifunzia wapi maneno hayo, na hao siwapigii simu tena.

Mkataba_wa_Meli

Niongeze kidogo kuhusu video za Marekani, kwa kuwa zinawachanganya vijana wengi. Mtu anayeitwa dalali wa shehena katika video hizo kwa kawaida anaunganisha wenye mizigo na wenye malori ndani ya nchi yao. Hahusiki na meli kabisa. Hata huyo haanzi kwa simu pekee: anahitaji kibali cha serikali kuu na dhamana ya dola 75,000, kiwango kilichopandishwa kutoka dola 10,000 mwaka 2013. Anayeshughulika na mizigo ya baharini yuko chini ya Tume ya Shirikisho ya Masuala ya Baharini, na yeye pia huweka dhamana. Wenye video hupenda kulipita jambo hilo haraka.

Mimi niko katika tawi jingine la udalali, lile la kukodisha meli nzima kwa shehena za wingi kama ngano, mbolea na klinka, ile malighafi ya saruji. Huku mizizi iko London, katika Baltic Exchange, ambayo asili yake ni mkahawa wa mwaka 1744 walikokutana manahodha na wafanyabiashara, na kaulimbiu yake ni kwamba neno letu ndilo dhamana yetu. Ada ya kawaida ya dalali ni asilimia 1.25 ya nauli, nayo huandikwa ndani ya mkataba wenyewe, pande zote zikiiona. Hakuna anayeona haya kuitaja. Nadhani hilo linajibu nusu ya swali lako la kwanza kutoka kwa watu waliolifikiria kwa karibu miaka 300.

Trela_la_Malaba

Kwa heshima zote, mnampamba sana dalali. Mimi husafirisha makontena kutoka Mombasa hadi Kampala, na ninachokiona ni watu watano kati ya mwenye mzigo na mzigo wake, kila mmoja akimega kipande, na hakuna hata mmoja anayepokea simu lori likikwama. Mteja wa Kongowea angeweza kuandika baruapepe kwa kampuni ya meli yeye mwenyewe. Kwa nini alipe dola 500 kwa kijana aliyeandika baruapepe mbili?

Mzee_wa_Shimanzi

Bwana Trela, una haki, na miongoni mwa hao watano wamo niliowafundisha kazi mimi mwenyewe, Mungu anisamehe. Lakini wewe unakwenda Kampala, basi nikuulize: kontena likishafika, likapakuliwa, likarudi tupu hadi Mombasa, ni siku ngapi? Na kampuni ya meli ilikupa siku ngapi za bure, yaani za kukaa na kontena bila kutozwa dimareji?

Hapo ndipo dalali anapokula halali yake. Siku za bure hujadiliwa kabla kontena halijapakiwa, si baada ya meli kutia nanga. Mwenye mzigo anayeandika baruapepe mara moja kwa mwaka hupewa kiwango cha kawaida, huenda siku 7. Dalali mwenye mizigo ya kila mwezi anaweza kuomba 14, au 21 kwa mzigo unaovuka mpaka, na akaandikiwa. Pia yeye ndiye anayejua meli ipi hupita moja kwa moja na ipi hushusha makontena bandari ya kati yakangoja meli nyingine kwa wiki nzima. Tangu mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wenye maparachichi ya kwenda Ulaya wamejifunza tofauti hiyo kwa uchungu: tunda lililopangwa kufika Rotterdam gumu linafika limelainika, na kontena la baridi halirudishi siku zilizopotea.

Kwa vigae kuna jambo jingine. Vigae ni vizito, ndiyo maana huja katika kontena la futi 20, ambalo hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa nafasi. Dalali anayejua kazi atauliza uzito uliothibitishwa, ambao umekuwa sharti la kimataifa tangu Julai 2016, na bila huo kontena halipandi melini. Atauliza kama mwenye kiwanda amepata cheti cha ulinganifu cha ubora kabla ya kupakia, kwa sababu bidhaa ikifika hapa bila cheti hicho, shughuli ya kuikagua upya inaweza kula faida yote ya mteja. Na ataitazama bei ya chini kwa jicho la shaka, hasa kwa mizigo midogo inayochanganywa ndani ya kontena moja: wapo wakusanyaji wanaotoza nauli karibu na bure kule China, halafu wanajilipa hapa Mombasa kwa tozo za kufungua kontena, za hati, za ghala, na nyingine ambazo huwezi kuzitafsiri katika lugha yoyote.

Karani, rudi kwa mtu wako wa Guangzhou umwombe akuandikie kile ambacho dola 1,900 hazikijumuishi. Halafu hifadhi kila ujumbe, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Karani_Mikindani

Nawashukuru sana nyote, hasa Bi_Vitambaa, kwa kuwa ule mkono wa karani ukisukuma karatasi kwa kidole kimoja ni mkono wangu kabisa. Nimewahi kufanya hivyo zaidi ya mara moja, na sikuwahi kufikiria mtu yule aliondoka akaenda wapi.

Nimefanya mambo mawili. Kwanza, nilimweleza mwajiri wangu. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza kwa muda ulionitia wasiwasi, halafu akasema kwamba mteja atoe mzigo kupitia kampuni kwa ada ya kawaida, nami nibaki na malipo yangu ya kutafuta nafasi mradi nimwonyeshe kila karatasi. Pili, niliuliza kuhusu dola 1,900. Imebainika kwamba tozo za bandarini upande wa China hazimo, amana ya kontena haimo, na siku za bure ni 7.

Nina swali la mwisho kwa Mzee. Mtu wa Guangzhou anasema anaweza kutoa hausi, au anaweza kuomba kampuni ya meli itoe hati ya moja kwa moja, lakini hiyo ya pili anaifanya shingo upande. Nichague ipi, na niandikeje?

Mzee_wa_Shimanzi

Kontena ni zima, mwenye mzigo ni mmoja, hakuna sababu ya hausi. Chukua hati ya moja kwa moja. Mpelekaji awe kiwanda cha Foshan. Mpokeaji awe mfanyabiashara wako, kwa jina lile lile lililo katika namba yake ya mlipakodi, herufi kwa herufi, kwa sababu kusahihisha manifesti baada ya meli kuondoka hulipiwa na huchukua siku. Mahali pa mwenye kuarifiwa andika kampuni ya mwajiri wako, ili taarifa ya kuwasili imfikie mtu atakayeifanyia kazi. Wewe usionekane popote. Omba siku 14 za bure na uhakikishe zimeandikwa katika uthibitisho wa nafasi, si katika ujumbe wa simu. Ada yako iandikie ankara yake, dola 250 kwa kontena kama ulivyokusudia, na useme ni ya nini. Akiona ni nyingi, atasema, nanyi mtajadiliana.

Na kabla kampuni ya meli haijatoa hati ya asili, watakutumia rasimu. Isome ukiwa umeketi, si ndani ya feri ya Likoni.

Karani_Mikindani

Rasimu imefika asubuhi hii. Siku 14 wamekubali. Mteja alipoiona ankara ya ada yangu aliniuliza kwa nini ni dola 500, nikamsomea yale niliyoyafanya, akaomba nipunguze 80, nikapunguza 50.

Katika jina la mpokeaji wameandika "Kongwea" badala ya "Kongowea". Nimewarudishia.